Kisu na Neno "Sijui"

Kwa miaka mingi nimejiuliza swali moja, na sasa kwa kuwa nimestaafu na hakuna tena mgonjwa anayenisubiri mlangoni, naona naweza kuliuliza kwa sauti. Je, mtu anayetenda kosa kwa sababu hakujua, ana hatia? Mahakama zina jibu lake, na dini kadhalika zina jibu lake. Mimi si hakimu wala si shehe wala padri. Nilikuwa mganga msaidizi, baadaye daktari msaidizi, na ninachokifahamu kuhusu swali hili nilifundishwa na shingo mbili za watoto wa Mbangala. Ndugu msomaji, naomba univumilie nizieleze zote mbili, maana ya kwanza bila ya pili ingeonekana kuwa habari ya aibu tu, na ya pili bila ya kwanza ingeonekana kuwa majivuno.

Mbangala iko katika bonde la Ziwa Rukwa, Wilaya ya Songwe. Mkoa wa Songwe umeanzishwa mwaka 2016. Katika siku ninazozieleza sisi sote tulikuwa watu wa Wilaya ya Chunya, Mkoa wa Mbeya. Ni nchi ya joto kali, ya Wabungu wenye mashamba yao na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, na ya wachimbaji wa dhahabu wanaofuata mishipa ya mawe ya Lupa kama baba zao walivyofanya tangu miaka ya 1920. Mtu akizidiwa huko alipelekwa Mkwajuni, na akizidiwa zaidi alipanda lori kupitia Galula hadi Mbalizi na kuingia Mbeya mjini. Masika yakikolea, njia hiyo ilikuwa ikikatika. Kwa hiyo mganga wa mahali kama pale alikuwa kila kitu: mkunga, mng'oa meno, mpasua majipu, mshauri wa ndoa, na wakati mwingine mwandishi wa barua. Watu walimwita daktari hata kama cheti chake hakikusema hivyo, na yeye alizoea kuitika.

Katika kazi hiyo shingo ilikuwa na maana zake. Nyanda za Juu Kusini zilijulikana kwa rovu, kwa sababu ardhi na maji ya milimani hayana madini joto ya kutosha. Katika miaka ya 1980 serikali, kwa msaada wa Taasisi ya Chakula na Lishe, iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika sana, na katika miaka ya 1990 ikawa sharti chumvi itiwe madini hayo. Uvimbe wa shingo, basi, kwanza ulikuwa rovu. Kama haukuwa rovu ulikuwa matezi ya kifua kikuu. Kama haukuwa hayo ulikuwa jipu. Kulikuwa na jina la nne lililosemwa kwa kunong'ona, kwa maana miaka hiyo mtu akionekana na matezi shingoni majirani walimhesabu kuwa ameshapata UKIMWI, awe mtu mzima au mtoto. Nilikuwa na masanduku manne kichwani, na kila shingo iliyoingia mlangoni niliitumbukiza katika mojawapo. Haikunijia kwamba huenda lipo la tano.

Mwaka 1995 aliletwa kwangu mtoto wa kiume wa miaka saba. Chini kidogo ya kidevu, upande wa kushoto, alikuwa na uvimbe laini wenye ukubwa wa yai la njiwa. Haukumuuma. Baba yake, mkulima mwenye ng'ombe watatu, alisema waliuona tangu mtoto akiwa mdogo lakini ulikuwa kama punje ya mahindi, sasa umekua na umekuwa mwekundu. Nilimtazama kijana, nikauminya kwa vidole viwili, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika: "Hili ni jipu la ndani, mzee. Tutalipasua."

Nikamchoma ganzi, nikalipasua. Haukutoka usaha. Yalitoka maji mazito yenye kuvutika, meupe mithili ya ute wa yai. Hapo ndipo ninapopenda kusimama kila ninapoikumbuka siku ile. Niliyaona maji yale. Nilijua kwamba jipu halitoi ute. Nikayafuta kwa pamba, nikafunga kidonda, nikaandika katika daftari: jipu, limepasuliwa. Baba mtu akaniuliza, "Litarudi, daktari?" Nikamwambia halitarudi.

Lilirudi baada ya miezi mitatu. Nikalipasua tena, mara hii kwa mkato mrefu zaidi, kana kwamba kosa la mara ya kwanza lilikuwa ufupi wa kisu. Lilipona juu, kisha pakabaki tundu dogo lisiloziba, likitiririsha ute ule ule mchana na usiku. Mama yake alimfunga kitambaa shingoni. Shuleni wenzake walikataa kunywa maji katika kikombe chake. Bibi mmoja jirani alimuuliza mama yake, mbele za watu, kama na yeye mwenyewe ameshapima. Mtoto akaacha kwenda shule.

Ili nisijisahaulishe, inanipasa nitaje jambo jingine la siku zile. Nilikuwa nikienda vijijini kuhubiri dhidi ya ukataji wa kimeo. Msomaji anajua desturi hiyo: mtoto akikohoa sana au akidhoofu, wazee husema kimeo chake kimerefuka, na fundi hukikata kwa kijisu au kwa uzi wa mkia wa mnyama. Nimeona watoto waliotokwa damu hadi wakafa kwa kukatwa kimeo, na niliwakemea mafundi wale kwa maneno makali: mnakata msichokijua, kwa ugonjwa msioujua, na mtoto akipona kwa bahati mnasema ni kisu chenu. Nilisema hivyo chini ya mwembe, mbele ya mkutano, wiki ile ile ambayo nilikuwa nimepasua shingo ya kijana yule kwa mara ya pili. Tofauti kati yangu na fundi wa kimeo ilikuwa kwamba kisu changu kilichemshwa.

Mwaka uliofuata baba aliuza mtamba wake. Miaka hiyo hospitali za serikali zilikuwa zimekwisha anza utaratibu wa wagonjwa kuchangia gharama, nao ulianza mwaka 1993, na mtu wa kijijini hakwenda Mbeya mikono mitupu. Mimi nilikuwa na safari ya kufuata dawa, nikafuatana nao hadi hospitali ya rufaa. Nadhani sehemu yangu moja ilitaka kusaidia, na nyingine ilitaka kuona kama bingwa naye atakwama.

Daktari bingwa wa upasuaji alikuwa mtu mzima, mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo. Hakuugusa uvimbe kwanza. Alichuchumaa mbele ya mtoto, akamwuliza jina lake na la mbuzi wao, kisha akamwambia, "Toa ulimi, mwanangu." Mtoto akautoa. Lile tundu, na kivimbe kilichobaki juu yake, vikapanda juu kama vimevutwa kwa uzi. "Rudisha." Vikashuka. "Toa tena."

Ndivyo ilivyokuwa. Hapakuwa na mashine wala maabara. Nilikuwa nimemtazama mtoto yule mara nane au tisa, na sikuwahi kumwambia atoe ulimi.

Bingwa akanieleza, na kwa kuwa baba alikuwa amesimama pale, alieleza kwa Kiswahili chepesi ili sote wawili tusikie. Tezi ya thairoidi, ambayo mtu anaweza kuigusa chini ya koo lake, haianzii pale. Mimba ikiwa na wiki tatu au nne tezi hiyo huanza kama kitone kidogo kwenye shina la ulimi, kisha hushuka polepole, ikipita mbele ya mfupa mdogo wenye umbo la herufi U ulio chini ya kidevu, na kwenye wiki ya saba hufika mahali pake. Nyuma yake huacha njia nyembamba mithili ya uzi. Kwa kawaida njia ile hufa na kupotea kabla mimba haijamaliza mwezi wa tatu. Isipopotea yote, kipande kilichobaki kinaweza kujaa ute, na huo ndio uvimbe. Kwa sababu ncha yake ya juu imeshikamana na ulimi, ulimi ukitoka nao hupanda. Aghalabu hukaa katikati kabisa ya shingo, na wa kijana huyu ulipotosha kwa kuegemea pembeni. Kuna uvimbe mwingine wa kuzaliwa nao ambao makazi yake ndiyo pembeni, nao ni mabaki ya mikunjo ya shingo ambayo kila kiumbe huipitia tumboni na ambayo kwa samaki hugeuka matamvua. Lakini ule wa pembeni haufuati ulimi.

Nilipiga hesabu kichwani. Uvimbe wa kijana yule ulikuwa umeanza pengine kabla mama yake hajawa na hakika kwamba ana mimba. Ulimngoja miaka saba bila kumdhuru. Nami nilikuwa nimeuendea kwa kisu katika dakika kumi za kwanza.

Kisha bingwa alifanya jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani kama nilivyopaswa. Alipapasa sehemu ya chini ya shingo kwa muda mrefu, akimwambia mtoto ameze mate, ameze tena, mpaka aliporidhika kwamba tezi yenyewe iko mahali pake. Akasema, "Usikate kamwe uvimbe wa katikati ya shingo kabla hujajua tezi iko wapi. Kuna watoto ambao tezi yao iliishia njiani. Unaukuta uvimbe, unaukata, kumbe ndiyo tezi pekee aliyonayo."

Niliomba nihudhurie upasuaji, akanikubalia nishike ndoana ya kutanulia kidonda. Sina haja ya kuueleza wote. Mtoto alilazwa kwa nusu kaputi. Ngozi yenye kovu langu ilikatwa kwa duara jembamba na kuondolewa pamoja na tundu, maana kovu lile lilikuwa limeganda na vilivyo chini yake na kuifanya kazi iwe ngumu maradufu, bingwa hakusema hivyo kwa ukali, alisema tu, "Hapa pamechezewa." Chini yake palikuwa na kamba nyembamba inayopanda kuelekea kwenye ule mfupa. Mtu asiyejua angeikata pale inapogusa mfupa na kushona, na hilo ndilo walilolifanya madaktari wa zamani, na karibu nusu ya wagonjwa wao uvimbe uliwarudia. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Schlange alipendekeza kipande cha katikati cha mfupa nacho kiondolewe. Mwaka 1920 Walter Sistrunk, wa Marekani, alieleza njia inayofuatwa hadi leo: unaondoa uvimbe, kipande cha mfupa, na nyama kidogo juu ya mfupa mpaka shina la ulimi, kwa sababu njia ile huwa na vijitawi ambavyo jicho halivioni. Wakifanya hivyo, wanaorudiwa huwa chini ya mmoja katika kumi.

Mfupa ule ni wa ajabu. Haukuungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Umening'inizwa kwa misuli na kano tu. Bingwa aliukata kwa mkasi wa mifupa pande mbili, na mlio wake ulikuwa kama wa kukata ukucha mnene. Mtoa dawa ya usingizi alitia kidole chake mdomoni mwa mtoto na kulisukuma shina la ulimi kuelekea kidondani ili mpasuaji aone mwisho wa njia. Halafu kila kitu kikafungwa, ukaachwa mrija mdogo wa kutolea damu usiku ule. Kesho yake asubuhi mtoto alikunywa uji na kuomba sukari zaidi.

Nilimkuta baba yake ukumbini, amekaa sakafuni, ameegemea ukuta. Nilikuwa na habari njema, na kwa dakika moja nilifikiri kwamba habari njema zinatosha. Akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia: "Sasa mara mbili zile, daktari, ulikuwa unatibu nini?"

Nilikuwa na majibu mengi yaliyo tayari. Ningeweza kusema kwamba ugonjwa huu ni wa nadra kwetu, na kwamba huyu wake ulikuwa wa nadra zaidi kwa kuwa ulikaa pembeni. Yote hayo ni kweli. Nikamwambia, "Sikujua, mzee. Na sikukwambia kwamba sijui."

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Ungesema tu. Ningeuza ng'ombe mapema, na mtoto asingekosa shule mwaka mzima."

Nimeishi na jibu hilo tangu siku ile. Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa kwa kutokujua, na huyu mkulima hakunilaumu kwa hilo hata kidogo. Alijua kwamba kuna mambo mengi duniani na kwamba mtu mmoja hawezi kuyajua yote. Yeye mwenyewe hakuyajua ya mvua ya mwaka ule. Alinilaumu kwa kumficha ujinga wangu, kwa sababu ujinga wangu ulikuwa mali yake. Kama angeupata mapema angeutumia: angeuza ng'ombe, angesafiri kabla ya masika, angemnyamazisha yule bibi jirani. Nilipomwambia "ni jipu" nilimnyang'anya nafasi ya kuamua mambo ya mwanawe. Ndiyo maana swali langu la mwanzo sasa nalitamka kwa namna nyingine. Nadhani kutokujua hakuna hatia. Hatia iko katika yale maji ya ute niliyoyafuta kwa pamba, maana pale kitu chenyewe kilikuwa kinaniuliza nami nikakataa kuulizwa.

Mwenzangu mmoja, mganga wa siku nyingi, nilipomsimulia haya alinipinga, na hoja yake si ya kupuuzwa. "Wewe," alisema, "kaa pale kijijini, kila anayekuja umwambie sijui, uone. Watakwenda kwa mpiga ramli. Yeye hasemi sijui hata siku moja." Alisema kweli. Mgonjwa huja na hofu, na hakika ya mganga ni nusu ya dawa. Aliongeza kwamba kama angesubiri kujua kila kitu, mama wangapi wangemfia mikononi kwa uzazi uliokwama? Hapo nami namkubali kabisa. Wahenga wametuachia methali mbili zinazogombana: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimeona watu wakichagua moja kulingana na tabia zao, mwoga akishika ya kwanza na mwenye pupa ya pili. Mimi naona ugonjwa wenyewe ndio unaotuchagulia. Utumbo ulionaswa katika ngiri hautakungoja. Hapo mwenye nusu ya elimu ana wajibu wa kutenda kwa nusu aliyonayo, na akikosea Mungu amsamehe. Lakini uvimbe uliokaa miaka saba bila kuuma ulikuwa umenipa muda wote duniani. Nilichokosa pale kilikuwa unyenyekevu. Saa nilikuwa nazo tele.

Sasa shingo ya pili. Nilikwisha kusomea udaktari msaidizi, nikarudi bondeni, na baada ya muda nilikuwa nimeshiriki katika upasuaji kadhaa wa aina ile. Watu walimkumbuka yule kijana. Mwaka 2008 mama mmoja wa Mbangala alimleta binti yake wa miaka kumi na mmoja. Uvimbe ulikuwa katikati ya shingo, juu kidogo, mviringo, bila maumivu. Nikamwambia binti atoe ulimi. Ukapanda. Akamwaga mate, nikamwambia ameze, ukapanda tena. Muuguzi wangu aliyekuwa pembeni alitabasamu, maana sote tulikwisha kuujua.

Mama akasema, "Daktari, mtoe huu kabla hajaenda sekondari. Wasichana watamcheka." Pesa alikuwa nazo mkononi, zimefungwa katika ncha ya khanga.

Kilichonizuia ni sweta. Ulikuwa mwezi wa Oktoba, na anayeijua Mbangala ya Oktoba anajua kwamba hata kuku hutembea midomo wazi. Binti yule alikuwa amevaa sweta la sufu. Nikamwuliza kwa nini. Mama akajibu kwa niaba yake: "Huyu analalamika baridi siku zote. Ni uvivu tu. Shuleni analala." Nikamtazama upya. Alikuwa mfupi kuliko umri wake. Mdogo wake waliyekuja naye alikuwa amempita. Ngozi yake ilikuwa kavu, uso umevimba kidogo, mapigo ya moyo ya polepole. Nikapapasa sehemu ya chini ya shingo kwa muda mrefu, kama nilivyomwona yule bingwa akifanya, na sikuweza kusema kama nagusa tezi au nagusa tumaini langu.

"Mama," nikamwambia, "sijui."

Nilimwona akikunja uso. Nikamweleza kwamba nahitaji apelekwe Mbeya akapigwe picha ya ultrasaundi, na kwamba mpaka hapo sitamkata. Akaniuliza, "Mtoto wa fulani si ulimtibu? Huyu wangu ana nini?" Baadaye nilisikia ilisemwa kwamba nimezeeka, mikono inatetemeka, au kwamba nilitaka kitu cha juu. Muuguzi wangu mwenyewe, aliyenipenda, aliniambia kwa upole kwamba nimejiharibia jina.

Walikwenda Mbeya, kwa manung'uniko. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu. Uvimbe haukuwa na maji ndani yake. Ulikuwa nyama tupu. Na mahali ambapo tezi hupaswa kuwa, hapakuwa na kitu. Tezi ya binti yule ilikuwa imeanza safari kutoka kwenye ulimi kama tezi za watoto wote, ikachoka njiani, ikakaa. Ilikuwa ndogo na dhaifu, ndiyo maana ya baridi na usingizi na ufupi, lakini ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Kama ningeikata, yaelekea ningesifiwa kwa miezi michache kwa kovu zuri, na mtoto angeanza kuzimika taratibu kama taa inayoishiwa mafuta.

Dawa yake ni vidonge vya thairoksini, kimoja kila siku, maisha yote. Vinafanya kazi ambayo tezi inashindwa kuifanya, na kwa kuipumzisha hufanya uvimbe usikue, hata upungue. Mtu anaweza kuuliza: ikiwa atakunywa vidonge kwa vyovyote, kwa nini basi usikatwe, naye apate shingo nzuri? Mama yake aliniuliza hivyo hivyo, na lilikuwa swali la akili. Jibu langu lilikuwa njia ya Mbalizi. Vidonge vilitoka Mbeya. Masika njia ikikatika, au duka likiishiwa, au pesa zikikosekana, mwenye tezi dhaifu atapata shida lakini ataishi mpaka dawa ije. Asiye na tezi kabisa, miezi ikipita bila kidonge, atakufa. Yule mpasuaji wa mji mkubwa ambaye duka la dawa liko ng'ambo ya barabara anaweza kuamua vinginevyo, na asiwe amekosea.

Hawakuridhika. Baada ya mwezi nilipata habari kwamba mtu mmoja, mahali ambapo sitapataja, amekubali kumkata kwa malipo, na kwamba familia inajiandaa. Hapa nilijikuta katika swali lililonisumbua kuliko la kwanza. Nilikuwa nimejifunza kwamba mambo ya mtoto ni ya wazazi wake, na kwamba kazi yangu ni kuwapa ukweli ili waamue. Nilikwisha kuwapa. Je, nina haki gani ya kuwafuata nyumbani? Nilikaa nalo usiku mmoja. Asubuhi nilipanda baiskeli.

Niliwakuta kibarazani, baba, mama, na bibi mzaa baba. Nikamwamkia bibi shikamoo. Akaitika marahaba na kunivutia kigoda. Sikuwa na picha wala kitabu. Nikachukua kijiti nikachora mavumbini: huu hapa ulimi, hii hapa njia, hapa ndipo tezi hufika, na hapa ndipo ya mjukuu wako ilipokaa. Nikaeleza habari za kidonge na za masika. Nikasema kwamba akikatwa siwezi kumrudishia, wala huyo atakayemkata hawezi.

Bibi aliitazama michoro ile kwa muda. Kisha akauliza, "Mwanangu, Mungu alipoiweka hapo, aliisahau au alikusudia?"

Nikamwambia sijui.

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Akamgeukia mwanawe akasema jambo kwa Kibungu ambalo sikulipata lote. Hawakunipa jibu siku ile. Nilinywa maji, nikaaga, nikarudi.

Hakukatwa. Lakini mama yake hakunisamehe kwa miaka kadhaa. Vidonge alituma watu wengine waje kuvichukua. Nimemwona yule binti mara ya mwisho mnadani Mkwajuni, mtu mzima sasa, amebeba mtoto mgongoni, amejifunga mtandio juu shingoni kama wanawake wengi wafanyavyo. Jua lilikuwa kali, na hakuwa na sweta. "Shikamoo daktari," akaniambia. Nikaitika. Alikuwa akila muwa, nami nikasimama pale kama mtu mpumbavu, nikimtazama koo lake likipanda na kushuka chini ya kile kitambaa kila alipomeza.